Pipi za York na Mshahara Unaolia

Somo la juma hili: Yakobo 5:1–6

Mwaka 1725, katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, mwanamke yatima aitwaye Mary Tuke alifungua duka la vyakula bila kibali cha chama cha wafanyabiashara wa mji. Wakamtoza faini, wakamtisha. Yeye akaendelea kuuza. Walivutana miaka saba hivi hadi wakamwachia. Alikuwa wa Marafiki, ambao wengi huwaita Quaker. Wasomaji wetu wa Vihiga na Kakamega, wenye misheni yao ya Kaimosi tangu 1902, hawahitaji kuelezwa ni watu gani hao.

Ukoo wa Tuke uliishika biashara hiyo zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1862 Henry Isaac Rowntree, naye Rafiki, akanunua upande wa kakao, kinywaji ambacho Marafiki walikipenda kwa kuwa kilimpa mtu maskini kitu cha moto cha kunywa badala ya pombe. Lakini Henry hakuwa hodari wa hesabu. Mwaka 1869 kaka yake Joseph aliingia kuokoa jahazi, na kwa miaka kumi halikuokoka sawasawa.

Kilichowainua kilikuwa pipi. Mwaka 1879 Mfaransa mmoja, Claude Gaget, alifika akiwa na sampuli za pipi laini za aina iliyokuwa ikitoka kwao Ufaransa. Kazi ya kuzitengeneza ni ya subira. Sukari huchemshwa na gundi ya mgunga na ladha ya matunda, kisha uji ule mzito humiminwa katika vishimo vilivyokandamizwa kwenye trei ya unga wa wanga. Trei hukaa katika chumba cha joto hadi pipi zikauke, halafu hupambwa kwa chenga za sukari. Walijaribu kwa miaka miwili kabla ya kuzitoa sokoni 1881. Kiwanda cha wafanyakazi thelathini hivi kikaja kuwa na zaidi ya 4,000.

Joseph alikuwa mtu wa haki, na sisemi hivyo kumpamba. Akiwa kijana wa miaka 14 alisafiri na baba yake Ireland wakati wa njaa kuu, na aliyoyaona hayakumtoka. Alianza kujenga kijiji cha New Earswick, nyumba zenye bustani, mwaka 1902; akaweka pensheni ya wafanyakazi 1906. Mwaka 1904 alitoa sehemu kubwa ya mali yake kwa mifuko mitatu, akiwaagiza wasimamizi watafute kiini cha umaskini, kwa maana sadaka nyingi hutuliza maumivu na kuacha chanzo kikiendelea kuzaa.

Lakini kakao ilitoka wapi?

Sehemu ya kakao ya viwanda vya Marafiki, Cadbury, Fry na Rowntree, ilitoka visiwa vya Wareno vya São Tomé na Príncipe. Watu walinunuliwa bara, Angola, wakashushwa pwani na kusainishwa mikataba wasiyoielewa, na karibu hakuna aliyerudi kwao. Mwandishi Henry Nevinson aliifuata njia hiyo na kuona pingu za mbao zimetupwa kandokando. Kwa William Cadbury fununu zilifika 1901. Mwaka 1905 viwanda vilimtuma Joseph Burtt akachunguze. Kususia kakao ile kulikuja 1909. Gazeti moja la London liliwaita wanafiki. Cadbury wakalishtaki, wakashinda, na mahakama ikawapa fidia ya robo ya peni.

Linalonikereketa ni hili. Tangu 1897, sultani alipotangaza mwisho wa utumwa Unguja na Pemba, Marafiki hao hao wa Uingereza walikuwa na misheni Pemba. Walikuwa na shamba la karafuu na waliwalipa ujira watu waliotoka utumwani. Kanisa moja, miaka ile ile: Pemba linalipa mshahara, na York linanunua kakao ya watu wasio na njia ya kurudi nyumbani. Wapo watakaosema viwanda vilihitaji ushahidi kabla ya kuvunja biashara, tena vilikuwa vikingoja serikali yao izungumze na Ureno. Ni kweli. Pia ni kweli kwamba miaka minane ni mirefu kwa aliye shambani.

Yakobo hawaulizi matajiri kama walikuwa wapole kwa watumishi wa nyumbani. Anawaonyesha shamba, na ujira uliozuiwa ukipaza sauti hadi masikioni mwa Bwana. Sauti hiyo haiulizi mwajiri ametoa sadaka kiasi gani.

Juma hili kamati ya ujenzi inakutana. Tunanunua mchanga na kokoto kwa bei ya chini sana, na tumemshukuru Mungu kwa hilo mbele ya kusanyiko. Naomba ajenda ya kwanza iwe wale wanaoponda kokoto zetu: wanalipwa na nani, shilingi ngapi kwa debe, na mara ya mwisho walilipwa lini. Mweka hazina aje na majina yao.