Majina Yenu Yanahubiri

Andiko: Mwanzo 1:14

Sikieni, wazazi wa Litein, Sotik, Longisa na Ainamoi! Mungu aliweka mianga angani ili mwanadamu ayatambue majira, siku na miaka. Wazee wetu Wakipsigis walilishika jambo hilo kabla mche wa kwanza wa chai haujapandwa Kericho. Mungu walimwita Asis, na jua wakaliona kuwa ishara yake. Saa zao walizisoma juani na katika nyendo za mifugo, kisha wakawapa watoto wao saa hizo ziwe majina.

Tazameni! Kipkoech na Chepkoech walizaliwa kulipokucha. Kipngetich, ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Kibet na Chebet, mchana. Kiprono na Cherono, mbuzi na kondoo wakirejea jioni. Kiprotich na Cherotich, ng'ombe wakiingia zizini. Kipkemoi na Chepkemoi, usiku. Mwalimu wa shule ya Jumapili akiita majina ya darasa lake, ameitangaza siku nzima ya Bwana, toka alfajiri hadi giza!

Miezi nayo ilihubiri. Mwaka 1909 Mwingereza A. C. Hollis alichapisha miezi ya ndugu zetu Wanandi: Kiptamo, mwezi wa joto mashambani, Roptui, wa mawingu meusi ya mvua, Kipsunde, wa kumtolea Mungu sadaka ya mavuno. Mwezi mzima ukaitwa kwa jina la shukrani!

Na sisi je? Tunahesabu siku za kupeleka majani ya chai kituoni, tunahesabu miezi iliyobaki kabla ya bonasi. Kazi ni baraka, ndugu zangu, lakini ole wake anayeijua siku ya malipo asimjue Mwenye siku! Mtoto anaulizwa maana ya jina lake, anainamisha kichwa. Nani alinyamaza asimfundishe?

Amkeni! Leo usiku, kabla ya kulala, mwambie mwanao alizaliwa saa gani na nani alimpokea. Mpeleke kwa kogo, bibi yake, angali hai, amfundishe majina ya miezi. Mkimbatiza Petro au Mariamu, msilitupe jina la saa yake. Siku ya hukumu hatutaulizwa kilo tulizochuma. Tutaulizwa siku tulizopewa tulizitumiaje, na tulimfundisha nani kuzihesabu. Fundisheni sasa! Amina.