Picha Isiyo na Rangi na Madai ya Ukweli

Kuna hukumu inayozidi kunikera katika mashindano ya picha za majengo: picha inasifiwa kwa mistari na mpangilio wake, kisha inanyimwa alama kwa kuwa ina rangi. Mpigapicha huambiwa aiondoe "ili umbo lionekane". Ushauri hutolewa kwa upole, lakini ndani yake mna dai zito, kwamba umbo ndilo kiini cha jengo, rangi ni pambo, na anayeliondoa pambo ameukaribia ukweli. Umbo nalichukua kwa maana ya kawaida, yaani jinsi sehemu za kitu zilivyopangwa, hilo tusiligombee. Ninachokataa ni kwamba mpangilio huo hubaki vilevile rangi ikishatoka.

Picha ya nyeusi na nyeupe hugeuza kila rangi kuwa kijivu cha kiwango fulani, na nyekundu na kijani huweza kuangukia kijivu kilekile. Hapo mstari uliozitenga hufutika, na mstari ni umbo. Katika msikiti wa Nasir al-Mulk mjini Shiraz, uliojengwa kati ya 1876 na 1888, jua la asubuhi hupenya vioo vya rangi na kutandaza nakshi juu ya mazulia. Ondoa rangi, nakshi inageuka madoa ya mwanga. Kwenye akisi hasara huzidi. Kioo na maji, tofauti na shaba au dhahabu, hurudisha mwanga karibu bila kuutia rangi yao. Kwa hiyo buluu iliyo dirishani ni ya mbingu, na njano ni ya ukuta wa ng'ambo. Rangi hapo ni ushahidi wa mahali mwanga ulikotoka, na picha ya kijivu huufuta ushahidi huo, kisha hujisifu kwa usafi.

Jibu ninalorushiwa kila mara, nalo hunichosha kuliko yote, ni kwamba usasa wa majengo tulifundishwa na mabingwa wa nyeusi na nyeupe. Ustadi wa mtu kama Lucien Hervé, aliyepiga picha kazi za mbunifu wa majengo Le Corbusier, siupingi. Lakini tutazame walichotufundisha. Le Corbusier alizipaka rangi nyumba za Pessac, Ufaransa, katika miaka ya 1920. Bruno Taut, katika mitaa ya makazi aliyoibuni Berlin, aliitumia rangi kupanga nafasi yenyewe, safu moja ya nyumba ionekane kusogea na nyingine kurudi nyuma. Walio mbali waliyajua majengo hayo kupitia magazeti yasiyo na rangi, na wengi wakaamini usasa ni weupe. Mtu akisema kuta zilibaki palepale, nitamjibu kwamba kwa Taut umbali kati ya kuta ulikuwa sehemu ya umbo, na umbali huo haukufika gazetini. Tena, filamu ya rangi ya Kodachrome ilianza kuuzwa 1935 tu. Kilichokuwa upungufu wa vifaa kimerithiwa kama kanuni ya uzuri.

Imani hii ina ukoo mrefu. Sanamu za hekalu la Parthenon zilikuwa na rangi, lakini mnamo 1937 na 1938, ndani ya British Museum, baadhi yake zilikwanguliwa kwa vyombo vya shaba ili zing'ae weupe. Wapenda weupe waliharibu hata uso wa jiwe ili jiwe lilingane na wazo lao la Ugiriki. Mpigapicha hakwangui chochote, najua. Bado wazo ni lilelile, kwamba chini ya rangi kuna kitu cha kweli zaidi kinachongoja kufunuliwa.

Wanaosema kamera nazo hudanganya rangi, na kwamba chapa nzuri za nyeusi na nyeupe hudumu kuliko nyingi za rangi, wanasema kweli. Kinachonitatiza zaidi ni zidaka za Lamu, vile vishubaka vya ukutani. Pale plasta ni nyeupe juu ya nyeupe, na nakshi yote ni kazi ya mwanga na kivuli. Picha ya kijivu haionekani kupoteza kitu, na jaji wa mashindano angeshangilia. Ila weupe ule ni wa chokaa, nao ulichaguliwa na fundi kama Taut alivyochagua rangi zake. Kama weupe nao ni rangi, basi hata zidaka haziungi mkono dai lake. Kama si rangi, itanibidi nieleze kwa nini chokaa ya Lamu isihesabiwe na rangi ya Berlin ihesabiwe, na maelezo hayo bado sina.