Mtungi na Ndoo

Nani mwenye haki ya kuchagua chombo: anayekitazama au anayekibeba?

Nyumbani kwetu mimi niliupigania mtungi. Ndoo ya plastiki, nilisema, haina utu. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo visivyoonekana. Maji hupenya taratibu, yakifika nje hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini hupoa bila umeme wala barafu, hasa penye upepo. Ukiupaka rangi ya mafuta ili usitoe jasho, umeuua. Kinachoonekana kasoro ndicho kazi yake.

Maneno matamu, siyo? Basi mdogo wangu wa kike akaniuliza, "Kaka, kesho unakwenda wewe bombani?" Nikanyamaza. Maji lita 20 ni kilo 20, na mtungi wenyewe una uzito wake kabla hujatia hata tone. Ukikuponyoka, ni vigae. Ndoo ikianguka unaiokota, safari inaendelea. Kumbe uzuri nilioutaka mimi ulikuwa unalipiwa na shingo ya mwingine! Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Siku hizi ndoo inakwenda bombani, mtungi unakaa kivulini, umefunikwa, kata juu yake. Kila kimoja na kazi yake. Lakini roho haijatulia, bwana. Vyombo nimevigawia kazi kwa haki, watu je? Anayekwenda bombani bado ni yuleyule.

Kesho alfajiri ndoo naibeba mimi.