Moto wa Jikoni ni Amana



Mtu anayeichunguza dini aghalabu huuliza: Je, Mwenyezi Mungu anashughulika hata na jiko langu? Wengi hudhani ya kwamba ibada huishia msikitini, na kwamba kuni, mkaa na taa ni mambo ya dunia tu. Dhana hiyo si sahihi. Katika Sura Yaasin na Sura Al-Waaqia, Kurani Tukufu inatukumbusha ya kwamba moto tunaouwasha hutokana na mti, na inatuuliza ni nani aliyeuumba mti huo. Mwenye kulikumbuka swali hilo hawezi kuuhesabu moto wake kuwa kitu cha bure.

Tuitazame wilaya ya Kilosa. Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha hufika mji wa Mikumi. Nje ya hifadhi imo misitu ya miombo, ambayo kwa miaka mingi imetoa mkaa wa majiko ya Morogoro na Dar es Salaam. Katika tanuru la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Basi kopo la mkaa linaloungua bure jikoni si kopo moja tu. Nyuma yake umo mzigo mzima wa miti.

Kuanzia mwaka 2012, baadhi ya vijiji vya Kilosa, kama Ihombwe na Ulaya Mbuyuni, vilionyesha njia ya kiasi. Vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, vilitenga sehemu ya msitu wa kijiji na kuigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kimoja hukatwa, cha jirani huachwa. Visiki huachwa vichipue, na mpango ni kutokirudia kitalu mpaka ipite miaka 24. Miaka 24 kuungoja mti, nasi tunaweza kuuteketeza kwa jioni moja ya uzembe!

Imepokewa katika Hadithi ya kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alimpita sahaba wake Saad akitawadha, akamkataza israfu. Saad akauliza kama hata katika udhu imo israfu. Akajibiwa kuwa imo, hata mtu akiwa kwenye mto unaotiririka. Wakazi wa kando ya mto Mkondoa na walifahamu vema neno hili: wingi wa kitu hauhalalishi kukipoteza.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Njia itokayo Mikumi kwenda Ifakara hupita Kidatu, ambako maji ya Ruaha Mkuu huendesha mitambo yenye uwezo wa megawati 204. Mwaka 2006 na 2011, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, nchi nzima ilionja mgao wa umeme. Mwenye taa ya wati 60 iwakayo saa 5 kila usiku, akiibadili kwa ya LED ya wati 9, huokoa uniti zaidi ya 7 kwa mwezi. Na kuzima taa wakati wa kulala ni jambo aliloliagiza Mtume s.a.w. mwenyewe.

Na jikoni je? Maharage yalowekwe tangu usiku. Kuni zipasuliwe na kukaushwa. Sufuria ifunikwe. Mkaa uliobaki uzimwe nje, katika chombo cha bati chenye kifuniko, upate kutumika kesho. Na litumike jiko banifu badala ya mafiga matatu.

Lakini tahadhari! Sura Al-Furqan inawasifu watumishi wa Rahmani kuwa katika kutumia mali hawafuji wala hawafanyi ubahili, bali hushika njia ya katikati. Mume anayemgombeza mkewe kwa kopo la mkaa, hali fedha zake mwenyewe zinateketea kwa sigara, hajaufahamu uchumi wa Kiislamu. Yeye ndiye wa kwanza apasaye kulinunua jiko banifu, ili mkewe apumzike na moshi na safari za kuni.

Tena, kilichookolewa kisifungiwe sandukuni. Kilipe deni, kinunue daftari za watoto, kimfikie jirani mwenye njaa. Na anayeweza na apande mti, kwani Mtume s.a.w. amefundisha kuwa atakachokula humo mtu, ndege au mnyama kitakuwa sadaka kwake.

Usiku huu, ndugu msomaji, kabla hujalala, zunguka nyumba yako. Tazama ni taa gani inayomwakia asiyekuwepo, na ni moto gani unaounguza sufuria tupu. Hapo ndipo jihadi ya nafsi inapoweza kuanza.

Mwenyezi Mungu atujalie kuzitunza amana zake. Amin.