Geuza Omo Sasa!

Wewe unayekatiza Mary Fitzgerald Square kila alfajiri, koti umelifunga hadi shingoni, simama! Wewe uliyezaliwa Ngomeni, Kipini au Mambrui, ukasomeshwa kwa samaki wa baba yako, ukaja Johannesburg kutafuta, nisikilize! Wewe unayesema bahari umeiacha nyumbani, hujaiacha bado!

Najua jibu lako. Hapa Newtown, utasema, pana reli, pana daraja la Nelson Mandela, pana teksi zinazogombea abiria mpaka Mtaa wa Lilian Ngoyi. Maji ya chumvi yako Durban, zaidi ya kilomita 500. Roketi na mashua vinanihusu nini mimi?

Vinakuhusu! Boti ni yako. Mashine umeinunua wewe. Nyavu zimetoka katika mshahara wako, randi baada ya randi, kila mwisho wa mwezi. Mdogo wako anayeisukuma majini usiku ndiye nahodha, lakini tajiri ni wewe, na neno la tajiri husikika hadi ufukweni. Mbona umenyamaza?

Tena unajua ninachosema. Umekua ukiiona minara ya kurushia roketi ya San Marco imesimama kwa miguu yake ya chuma katika Ghuba ya Ungwana. Wazee wetu waliona moto ukipanda kutoka maji yale tarehe 26 Aprili 1967, Waitalia wa Profesa Luigi Broglio waliporusha setilaiti yao kwa roketi ya Scout iliyotengenezwa Marekani. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, ikapaa setilaiti ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, nayo ikapewa jina Uhuru. Setilaiti tisa zilipanda kutoka pale. Ya mwisho ilipanda tarehe 25 Machi 1988.

Kisha kimya. Na kimya kimetulevya!

Minara imeliwa na kutu. Vijana wamezaliwa, wameoa, wamekuwa manahodha, wala hawajaona hata siku moja roketi ikiondoka pale. Kwao San Marco ni chuma cha kale tu. Na wewe unayejua zaidi yao umewaacha waamini hivyo!

Usidanganyike! Kenya iliunda Shirika lake la Anga za Juu mwaka 2017, na tangu hapo mazungumzo ya kurusha tena kutoka Pwani hayajakoma. Djibouti ilitia saini makubaliano mwezi Januari 2023 na kampuni ya Hong Kong ili kituo kijengwe Obock. Uturuki imetangaza kwamba itajenga chake Somalia. Sababu ni ile ile iliyowaleta Waitalia: kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata mwendo huo bure, tena mbele yake ni bahari tupu.

Tupu! Nani kasema ni tupu? Ndimo alimo mdogo wako!

Sasa shika jambo hili, maana hapa ndipo wengi wanapozama. Msidhani roketi huanguka ikiharibika tu. Huanguka hata siku ya heri! Scout ilikuwa na sehemu nne zilizopandana. Ya chini ikimaliza baruti yake huachwa, hudondoka baharini, na nyingine huendelea na safari. Gamba zima la chuma linashuka mbali na ufuo, huko huko wanakokwenda wenye mashine kubwa kufuata jodari. Hiyo ndiyo siku njema! Siku mbaya, roketi ikipotea njia, kuna mtu kazi yake ni kubonyeza na kuivunja angani kwa makusudi, isije ikaelekea mjini. Vipande, baruti inayowaka, mafuta yenye sumu, vyote hushuka katika ukanda uliokwisha kuchorwa.

Kwa hiyo warushaji wakisema maji haya yamefungwa, hawamwonei mtu. Wamechagua pa kuangushia, na wamechagua pasipo na mtu. Usiwe mtu huyo! Mdogo wako asiwe mtu huyo!

Unataka ushahidi? Wallops, Virginia, tarehe 27 Oktoba 2014. Roketi ya Antares iko tayari, imebeba vyakula na vifaa vya watu walioko kwenye kituo cha anga. Mashua moja ya tanga ikaonekana ndani ya maji yaliyofungwa. Wakangoja. Dakika zikaisha. Safari ikaahirishwa. Fikiria matusi aliyotukanwa yule mwenye mashua usiku ule! Kesho yake jioni wakaiwasha. Ilipaa sekunde chache tu, injini ikafumuka, ikarudi chini na kulipuka hadi mbingu ikawa nyekundu. Hakufa mtu, kwa kuwa watu walikuwa wameondolewa.

Sitakuficha: moto ule uliangukia pale pale pwani, na yamkini mashua ile isingeguswa hata kama ingekuwapo. Lakini siku ya kwanza, nani kati yao alijua itaanguka wapi? Nahodha alijua? Wahandisi walijua? Wewe ungejua?

Wala usiseme haya ni ya wenye ngalawa wasiosoma. Tarehe 30 Januari 2022, huko Florida, meli ya kitalii Harmony of the Seas, jengo zima la ghorofa linaloelea, lenye rada na manahodha wenye vyeti, iliingia katika eneo lililofungwa. Roketi ikazuiwa mpaka siku ya pili. Na setilaiti iliyokuwa juu yake ilikuwa ya nani? Ya Waitalia! Maelfu ya abiria ndani, na hakuna aliyegeuza omo kwa wakati.

Na wako wanaoingia kwa sababu ya macho tu. Tarehe 2 Agosti 2020 chombo cha Dragon kilitua majini karibu na Pensacola kikiwa na wanaanga wawili. Boti za watu binafsi zikakimbilia, simu juu, bendera zinapepea, kama wanaokwenda kutazama regata Lamu. Kumbe mvuke wa sumu wa mafuta ya chombo ulikuwa bado umezunguka pale, hata waokoaji wenyewe wakachelewa kufungua mlango! Macho yana njaa, lakini mapafu hayasamehe.

Utasema Marekani ni mbali. Haya, tuje Johannesburg. Januari 2025 shirika la ndege la Qantas lilichelewesha baadhi ya safari zake za kati ya Sydney na Johannesburg, maana mabaki ya roketi za SpaceX yalitarajiwa kushuka kusini mwa Bahari ya Hindi. Ndege kubwa, abiria mamia, wote wakakaa wakinung'unika. Ndege ilingoja! Wiki chache kabla, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka kijijini Mukuku, Makueni, bara kabisa, penye mashamba. Na tarehe 16 Januari 2025 roketi ya Starship ilivunjika angani, mabaki yake yakanyesha juu ya visiwa vya Turks na Caicos. Ndege inangoja, na dau lenye watu watano halingoji?

Mjini umekwisha kujifunza. Tarehe 19 Julai 2023, saa za watu kutoka kazini, Mtaa wa Lilian Ngoyi ulipasuka, teksi zikarushwa juu, mtu mmoja akafa, makumi wakajeruhiwa. Polisi wakafunga utepe. Uliuvuka? Hukuuvuka! Ulizunguka mbali, ukafika nyumbani usiku, ukamshukuru Mungu. Lakini baharini hakuna utepe, ndugu yangu. Mstari upo, umekatwa kwa vipimo, na maji ya ndani yake yanafanana na maji ya nje yake.

Mstari huo umeandikwa wapi? Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na nataka iwe yako! Onyo hutolewa. Kwa maji ya Kenya na Tanzania mratibu wake ni India, katika eneo linaloitwa NAVAREA VIII. La huku kusini, NAVAREA VII, linaratibiwa na Afrika Kusini. Onyo linakwenda kwa setilaiti hadi kwenye meli zenye mitambo ya kulipokea. Limeandikwa kwa Kiingereza. Limejaa namba za latitudo na longitudo. Dau la mdogo wako lina mtambo gani? Lina taa, lina dira, lina radhi za mama!

Na hata likimfikia, lina mtego. Saa zake ni za UTC. Onyo likisema 1500, Kenya ni 18:00, na mvuvi huisoma saa kumi na mbili jioni. Saa moja, mahesabu matatu! Asiyeambiwa ataona 15:00, atadhani ni saa tisa alasiri, na ikipita kwa amani atasema yamekwisha. Ataingia. Atazima mashine, atamwaga nyavu, atawasha taa, na saa ile ile juu yake kazi ndiyo kwanza inaanza.

Basi usilale! Mnunulie redio ya VHF, afundishwe chaneli 16, betri isikose chaji. Mnunulie GPS, aweke alama za pembe za eneo kabla hajaondoka ufukweni. Jaketi za kuokoa maisha ziwe sawa na idadi ya watu, si mbili kwa watu watano. Ulimnunulia mashine ya nguvu zaidi mwaka jana, ukajisifu mtaa mzima wa Mayfair. Redio ni bei ndogo kuliko mashine!

Na usiishie dukani. Zungumza na BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, katika diko lenu. Wambane sasa, kabla roketi ya kwanza haijafika, maana ikishatangazwa tarehe hakuna atakayekusikiliza. Dai onyo la Kiswahili. Dai ubao dikoni, tangazo redioni, mtu wa kupita usiku wa kuamkia siku yenyewe. Dai saa ziandikwe kama tunavyozisema!

Dai na fidia pia. Nasikia wanaowaita wavuvi wakaidi, nami nakasirika. Kusi likitulia, samaki wakijaa, deni la duka likisubiri, nani atalala nyumbani bure kwa ajili ya setilaiti ya mtu mwingine? Kule Tanegashima, Japani, wavuvi walikaa mezani na warushaji, na kwa miaka mingi roketi zilirushwa kwa misimu iliyokubaliwa nao. Roketi ziliwangoja wavuvi! Jambo hilo linawezekana, limefanyika, liko wazi. Lakini lilipatikana mezani, si kwa kuingiza chombo ndani ya mstari na kumtaka mrushaji akutazame.

Usiseme siku ikifika imefika! Tawakali si kukaa chini ya chuma kinachoshuka. Usiseme bahari ni kubwa! Ni kubwa mpaka chuma kitakapokuangukia. Usiseme atarudi mwenyewe akiona moto! Akiona moto roketi imekwisha kuondoka, na mashine ya nguvu za farasi 40 haishindani na kitu kilichotoka angani.

Na wewe nahodha, kama gazeti hili limekufikia likiwa limefungiwa vitumbua, soma hapa. Ukiambiwa toka, toka. Ukiwa na nyavu ndani, zitie boya uziache, alama yake ichukue, urudi kesho. Ukimwona mwenzako anaingia, mpigie kelele, mwashie taa, mfuate hadi kwenye mstari na si hatua moja zaidi. Hakuna aibu katika kugeuza. Wazee walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Anayerudi ngamani yuko ndani ya chombo bado, anahema, ana kesho.

Narudi kwako wa Newtown, uliyesimama kwenye baridi. Usisubiri mwisho wa mwezi! Usisubiri Idi! Usisubiri mpaka mtu wa Malindi akutumie picha! Umejua tangu utotoni minara ile ilijengwa kwa kazi gani. Jumamosi ukipita Sci-Bono ukaona watoto wamepanga foleni kwenda kujifunza sayansi, furahi, roketi si adui yetu. Lakini kabla ya Jumamosi mpigie nahodha wako. Muulize ana redio au hana. Muulize BMU yao imewahi kuzungumza jambo hili au la. Muulize anajua 1500 ya UTC ni saa ngapi kwao. Na angalia saa unapompigia: Ngomeni wako mbele yetu kwa saa moja, na ukingoja mpaka utoke kazini saa kumi na moja, kwake tayari ni saa kumi na mbili, mashine imefungwa, barafu imepakiwa, wanasukuma. Mpigie mchana, wakati wa chakula, akiwa bado anashona nyavu na ana nafasi ya kukubishia.