Je, ni Haki Kumwambia Kijana Arudi Shambani?



Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia, maneno yale yale husikika katika mtaa wetu, barazani na hata mimbarini: vijana wa siku hizi hawataki kulima. Wamekimbilia Tanga na Dar es Salaam. Wanaendesha bodaboda, wanauza mitumba, wanakaa vijiweni. Na mashamba yamebaki kwa wazee na akina mama. Maneno haya yana ukweli wake, wala hatutaki kuyakana. Lakini kulaumu si kufikiri. Leo twataka kuuliza swali ambalo huulizwa mara chache: je, tunayo haki ya kumwambia kijana arudi shambani? Na kama tunayo, haki hiyo yatudai nini sisi tunaosema?

Tuanze na jambo lililo wazi kwa kila mtu. Katika nyumba nyingi mtoto aliyeshindwa mtihani huambiwa, "Basi, utalima." Katika shule nyingi aliyechelewa namba, au aliyepiga kelele darasani, amepewa jembe na kupimiwa sehemu yake ya kulima. Mtoto huyo amejifunza somo, naye amelijifunza vizuri: kwamba jembe ni malipo ya makosa, na shamba ni mahali pa walioshindwa. Baada ya miaka kumi ya somo hilo twamshangaa kwa nini hataki kulima. Amekuwa mwanafunzi mwema kuliko tulivyotaka.

Wala hayo siyo mafundisho ya Biblia. Katika kitabu cha Mwanzo, mtu aliwekwa bustanini ili ailime na kuitunza katika sura ya pili. Kosa na adhabu vinakuja katika sura ya tatu. Maana yake kazi ya shamba ilikuwako kabla ya laana. Laana ilileta miiba na jasho, lakini haikuleta kilimo. Anayemwadhibu mtoto kwa jembe amezigeuza sura hizo mbili, ya tatu akaiweka mbele ya pili. Tena angalieni kwamba mtu alipewa mambo mawili kwa pamoja, kulima na kutunza. Kulima bila kutunza ni kuinyang'anya ardhi, na ardhi iliyonyang'anywa haichelewi kutunyima chakula.

Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mnamo Machi 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au kazi nyingine ya kuzalisha mali. Lakini hakutaka watoto wawe vibarua. Alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi ya shamba lao, na waone kwa macho yao kwamba shamba likistawi hali yao nayo inakuwa njema. Pahali pengi jembe lilibaki na hayo mawili yakasahauliwa. Kazi ikaendelea, elimu ikatoweka.

Amri peke yake haifundishi, na milima yetu ya Usambara ni shahidi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, Lushoto, na baadaye ikaueneza milimani kote. Shabaha yake haikuwa mbaya. Udongo ulikuwa unachukuliwa na maji kweli kweli. Watu wakaamriwa kulima matuta, na asiyelima akaadhibiwa. Wakulima walipinga kwa nguvu, na kabla ya uhuru wa 1961 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa. Huko Uluguru mambo yalikuwa kama hayo, hata kukatokea ghasia mwaka 1955. Je, watu wa milimani walikuwa wajinga wasiojua thamani ya udongo? Hasha. Walikuwa wakilima miteremko ile tangu enzi za babu zao. Lakini jasho lilikuwa lao na shauri lilikuwa la wengine, na faida waliyoahidiwa hawakuiona.

Sasa twende Mbinga, mkoani Ruvuma, tuone mfano mwingine. Wamatengo nao wanaishi katika milima mikali, nao hulima kwa mtindo wao wa ngoro, ambao ulikuwako kabla ya wakoloni. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini katika mistari inayokatana, hata shamba zima likawa na miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale. Mlima wote huonekana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni yasiteremke na udongo. Majani huoza chini ya matuta yakawa mbolea. Maharage hutangulia, na mahindi hufuata. Kazi hii ni nzito, pengine nzito kuliko ile iliyokataliwa Usambara. Mbona hii imedumu? Imedumu kwa sababu hawakuipokea kama amri. Mtoto aliiona kwa wazazi wake, akaifanya pamoja nao, naye alijua kwamba mteremko ule siku moja utakuwa wake.

Hapo, ndugu zetu, ndipo tunapofika kwenye kiini cha neno letu. Mtu huitunza ardhi anayoitarajia. Asiyekuwa na tarajio huichuma tu.

Tutazame mambo ya hapa petu Muheza, ambapo kila mtu ayajua. Kijana asiye na shamba huazimwa kipande na mjomba wake au na jirani. Huambiwa, "Lima mahindi, lima mihogo, lakini usipande mti." Sote twaelewa sababu. Kwa desturi zetu, mwenye mchungwa au mnazi amekwisha kujitia katika ardhi ile, na kumwondoa ni shauri kubwa. Basi kijana hulima mahindi mwaka huu na mahindi mwakani. Hapandi mti, maana amekatazwa. Hachimbi makinga maji, maana kuchimba ni kazi ya majuma mengi, na faida yake huja baada ya misimu kadhaa, naye hajui kama msimu ujao atakuwapo. Habebi samadi, maana samadi hukaa udongoni na kumnufaisha atakayelima baadaye. Kipande kikichoka, hurudishwa kwa mwenyewe kimechoka. Kisha twasema vijana hawajui kilimo! Kijana yule amefanya hesabu sawasawa. Tumempa jembe bila shamba, na anayelima hivyo hulima kama mpita njia.

Kwa hiyo mambo mawili tuliyozoea kuyatenga, uchovu wa ardhi na kukimbia kwa vijana, kumbe yana mzizi mmoja. Huwezi kuhubiri kilimo cha kuitunza ardhi kwa mtu ambaye umemfungia kesho. Kutunza ni kazi ya kesho.

Wazee watatujibu, na jibu lao si la kupuuzwa. Watasema, "Nikimpa shamba ataliuza, anunue pikipiki, na wadogo zake watakula nini?" Ni kweli, wako waliofanya hivyo. Nasi twajua habari ya mwana mpotevu katika Injili ya Luka, aliyechukua sehemu yake akaitapanya katika nchi ya mbali. Lakini yuko mwana mwingine katika habari ile, ambaye hatumhubiri sana. Yule mkubwa hakwenda po pote. Ndugu yake aliporudi, yeye alikuwa shambani. Na kinywa chake kilipofunguka, manung'uniko yalikuwa haya: miaka yote ametumika, wala hajapewa hata mwana-mbuzi afurahi na rafiki zake. Mali ilikuwa imekwisha kugawanywa kwa wote wawili, na baba anamkumbusha kwamba vyote ni vyake. Lakini yeye aliishi kama mtumishi katika mali yake mwenyewe. Hatusemi kwamba baba yule alikosea. Mfano ule wafundisha juu ya rehema. Twasema tu kwamba kijijini wapo wengi wa namna ya mwana mkubwa. Ndio wale waliobaki. Wanalima shamba la baba, mavuno yanauzwa na baba, na wakitaka hata nauli ya kwenda Tanga hawana budi kuomba. Tukiogopa mpotevu mmoja, tusiwafukarishe waaminifu kumi.

Tena woga huo una dawa. Shamba laweza kutolewa kidogo kidogo, huku mzazi akiangalia. Laweza kutolewa kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kwa sharti la kutouzwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kimila na kuiwekea hati. Na sheria hiyo yampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kupata ardhi na kuitumia. Neno hilo la mwisho twalisema kwa makusudi. Tunaposema "kijana" wengi humwona mvulana, hali binti ndiye aliye shambani kila asubuhi. Mbinga ni nani aliyechimba ngoro?

Jibu la pili latoka kwa vijana wenyewe. Wanasema, "Hata nikiwa na shamba, bei je?" Nao wana haki ya kuuliza. Mwenye machungwa anayemngoja dalali apange bei, au mwenye mahindi anayetakiwa ajaze lumbesa na kulipwa gunia moja, hawezi kuambiwa kwamba shida yake ni uvivu. Kumsifia kijana kilimo huku tukinyamaza juu ya mizani ya udanganyifu ni kumpeleka kuibiwa. Manabii wa kale hawakunyamaza juu ya mizani, nasi hatuna ruhusa ya kunyamaza.

Wala tusiseme kwamba kila kijana ameitwa kulima. Kuna wito wa ufundi, wa uuguzi, wa ualimu, wa biashara. Kijana aendaye mjini kwa hiari yake, akijua anachokiacha, hajatenda dhambi. Tunalolipinga ni kwamba aondoke kwa sababu hakuachiwa nafasi, au abaki kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Katika hali zote mbili hakuchagua, na asiyechagua hana moyo.

Basi, elimu ya kilimo iweje? Twaona ni mambo matatu, nayo hayaachani. Kwanza ni ujuzi. Vyuo tunavyo, hapa wilayani kwetu Muheza tuna Mlingano, mahali penye chuo cha kilimo na kituo cha utafiti wa udongo na mkonge. Kijana aelezwe kwa nini mikunde hurutubisha udongo, kwa nini matandazo huzuia jua lisiukaushe, kwa nini mboji ni bora kuliko kuchoma majani. Asiambiwe "fanya" tu. Aambiwe "kwa sababu". Pili ni mfano. Shamba darasa moja kijijini, ambapo watu huona kwa macho mistari miwili ya mahindi, mmoja wenye samadi na mmoja usio nayo, lazidi hotuba nyingi. Tatu ni sehemu yake mwenyewe. Bila hii ya tatu, zile mbili za kwanza ni kumfundisha mtu kuogelea penye mchanga.

Mwaka 2023 serikali yetu ilianza kuwapeleka vijana kwenye mafunzo katika mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, na kutenga mashamba makubwa ya pamoja, kama lile la Chinangali mkoani Dodoma. Ni jambo jema, kwa kuwa limeunganisha mafunzo na ardhi. Lakini mpango wa serikali hauwezi kuufikia kila ukoo. Ardhi iliyo karibu na kijana ni ya baba yake, ya mjomba wake, na pengine ya kanisa lake.

Ndiyo, ya kanisa lake. Mitaa mingi ina viwanja na mashamba, na kwa kawaida vijana huitwa kuyalima bure siku ya Jumamosi. Twapendekeza wazee wa kanisa walifikirie jambo hili: sehemu ya shamba la mtaa igawanywe kwa vijana, wavulana na wasichana, kwa miaka mitano au zaidi wala si kwa msimu mmoja. Waruhusiwe kupanda miti. Mavuno yawe yao, nao watoe sadaka kwa hiari kama Wakristo wengine. Bwana shamba au bibi shamba aalikwe. Na siku zile tatu kabla ya Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, ambazo Kanisa letu limeziweka tangu zamani kwa kuombea mashamba, padre akabariki mbegu zao palepale shambani. Mama mmoja wa Umoja wa Mama mwenye kujua mbegu za asili aweza kuwa mwalimu mkubwa kuliko tunavyodhani.

Turudi kwenye swali letu. Je, ni haki kumwambia kijana arudi shambani? Jibu letu ni kwamba ni haki kwa yule tu aliye tayari kumpa nafasi ndani yake. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hutumia maneno hayo kumfukuza mgeni, lakini yana maana nyingine pia: anayepewa jembe si mgeni tena, amekuwa mtu wa nyumbani. Kijana wetu tumpe jembe kwa maana hiyo. Na mtu wa nyumbani huonyeshwa mpaka wa shamba lake.

Kitabu cha Walawi chatukumbusha kwamba nchi ni ya Mungu, nasi tu wapitaji juu yake. Kama ndivyo, mzee anayemwachia kijana shamba hatoi mali yake. Anapokeza amana aliyopokezwa. Tuipokeze ingali na rutuba, na tuipokeze tungali hai, ili atakapouliza tuwepo kumjibu.

Mungu aibariki mvua ya mwaka huu, na mikono itakayoipokea.