Mbiu na Mnong'ono

Wahenga walinena kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakutwambia, hata hivyo, afanyweje mpiga mbiu ambaye habari yake, ingawa ni ya kweli, inamfaa mmoja wa wanaogombea utawala. Suala hilo limezua mjadala mkali nchini Uingereza.

Huko jumuiya za hisani, zinazolisha wenye njaa na kuwasitiri wasio na makazi, zimekatazwa tangu zamani kuunga mkono chama chochote cha siasa. Hazikukatazwa kutetea haki inayohusu kazi yao: agawaye chakula aweza kuuliza kwa nini njaa haishi. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya ushawishi na kampeni za wasio vyama. Kabla ya hapo yaliyohesabiwa yalikuwa machapisho. Sasa ikaongezwa mikutano ya hadhara na mikutano na waandishi wa habari. Jumuiya iliyotumia zaidi ya pauni 20,000 katika England kwa shughuli hizo, ndani ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, ilipaswa kujiandikisha kwa Tume ya Uchaguzi.

Tuwe waadilifu: sheria hii haikukosa hoja. Tajiri aweza kujificha nyuma ya jina jema, akavuta kura kwa vazi la huruma. Mpiga kura ana haki ya kujua ni nani anayeilipia sauti anayoisikia.

Tatizo liko katika nia. Sheria haikuuliza msemaji alikusudia nini. Iliuliza mtu mwenye busara angemdhania amekusudia nini. Sisi wapenzi wa ushairi twaijua tofauti hiyo. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Lakini mwerevu aweza pia kugangua fumbo lisilofumbwa. Mshairi akiimba mvua, watu wakasema amemsema mfalme, mkosa ni ulimi au masikio?

Mwaka 2017 jambo hili lilidhihirika. Uchaguzi ulitangazwa ghafla mwezi wa Aprili, ukafanyika tarehe 8 Juni, na hesabu ikarudi nyuma mwaka mzima, hadi siku ambazo umma haukujua kuwa kuna uchaguzi unaokuja. Maneno ya jana yakavishwa nia ya leo.

Lord Hodgson, aliyepewa na serikali kazi ya kuipima sheria hiyo, alikwisha pendekeza mwaka 2016 kwamba itazamwe nia halisi, na mwaka upunguzwe uwe miezi minne. Serikali haikuyatekeleza. Mwaka 2017 Tume iliitoza Greenpeace faini ya pauni 30,000 kwa kutojiandikisha katika kampeni za uchaguzi wa 2015. Faini huhesabika. Kimya hakihesabiki: taarifa iliyofutwa na wadhamini wenye hofu, mkutano ulioahirishwa mpaka kura zipite. Hakuna daftari la maneno yasiyosemwa.

Na mnong'ono je? Sheria hiyo hiyo ilianzisha daftari la washawishi, ila liliwahusu wale tu wanaowasemea wateja kwa malipo. Mwajiriwa wa kampuni kubwa, anayemwendea waziri kwa niaba ya mwajiri wake, hakulazimika kuandikwa. Mpiga mbiu sokoni akawekwa mizanini. Mnong'onezaji akapita mlango wa nyuma.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mizani ilipopinda. Neno la hadharani lina dawa yake, nayo ni kujibiwa hadharani. Mnong'ono hauna wa kuujibu, kwani hausikiki ila na yule aliyekusudiwa. Sheria ya haki ingeanza na mnong'ono, na ndipo, kwa hadhari, iiguse mbiu. Na inapoigusa, iulize fedha zimetoka wapi, isiukisie moyo wa mtu. Mji usiosikika mbiu si lazima uwe mji wenye amani. Huenda jambo lipo, na mpiga mbiu bado anahesabu pauni zake.